Dripu ya rituksimabu kwa ugonjwa wa MS: tathmini ya kliniki moja ya Nairobi

Huduma ninayoitathmini ni ya kliniki ya magonjwa ya mishipa ya fahamu katika hospitali moja binafsi jijini Nairobi, ambako mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mombasa, anatibiwa ugonjwa wa MS, yaani multipo sklerosisi, kwa dawa ya rituksimabu anayowekewa kwa dripu kila baada ya miezi sita. Jina la hospitali silitaji, kwa sababu pamoja na sifa ninayo malalamiko, na mgonjwa mwenyewe hakupenda litajwe. Mimi ndiye ninayemsindikiza, ninayechangia gharama na ninayehifadhi majibu ya vipimo. Naiona huduma hii kuwa nzuri, ila si kwa vigezo ambavyo jamaa na marafiki hunitaka nivitumie. Wao huuliza kama amepona, au kama miguu imerudia nguvu zake za zamani, na kwa dawa ya namna hii maswali hayo hayapimi kitu. Kazi yake ni kuzuia shambulio jipya, kwa hiyo ikifanya vizuri hakuna kinachoonekana. Kuisifu ni kama kumsifu fundi wa paa wakati wa kiangazi. Anayetaka kuipima kliniki ya MS kwa haki inambidi kwanza aujue ugonjwa wenyewe.

Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kwa kawaida hupambana na vijidudu, huugeukia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya macho. Kinachoharibiwa kwanza ni mayelini, utando wenye mafuta unaozizunguka nyuzi za neva na kuziwezesha taarifa kupita upesi. Utando huo ukichunika, taarifa huchelewa, huvurugika au hukatika, na uzi wa neva ukikaa wazi kwa muda mrefu nao hufa. Palipoungua hubaki kovu, na ni makovu hayo ambayo daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza mwaka 1868 alipoutenga ugonjwa huu na maradhi mengine ya kutetemeka na kupooza. Kwa kuwa kovu linaweza kutokea mahali popote katika mfumo huo, wagonjwa wawili wanaweza wasifanane hata kwa dalili moja: huyu haoni vizuri kwa jicho moja, yule ana ganzi kiunoni, wa tatu anapepesuka, wa nne hulemewa na uchovu ambao usingizi hauutoi. MS hauambukizi, wala mzazi hamrithishi mtoto moja kwa moja, ingawa kuwa na ndugu wa damu mwenye MS huongeza uwezekano kwa kiasi. Kufikia mwaka 2020 Shirikisho la Kimataifa la MS lilikadiria kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao, zaidi ya theluthi mbili wakiwa wanawake, na wastani wa umri wa kutambuliwa ukiwa miaka 32.

Takriban asilimia 85 ya wagonjwa huanza na aina ya kuja na kuondoka. Shambulio huzuka kwa siku chache, hukaa wiki kadhaa, kisha dalili hupungua au huisha zenyewe, hata bila dawa yoyote. Sifa hiyo ya ugonjwa ndiyo inayowapoteza watu. Kwa mdogo wangu ulianza kwa jicho la kulia, ambalo liliuma kila alipolizungusha, na rangi nyekundu akaiona imepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akapewa matone ya macho, jicho likapona, na sote tukaamini kwamba matone yalimponya. Miezi kadhaa baadaye ganzi ilimpanda kutoka nyayoni hadi kifuani, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Wako waliosema ni kiharusi, wako waliosema ni presha, na shangazi yetu, kwa mapenzi yake, akaleta kombe la zafarani, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Alikunywa kombe, akameza na vitamini alizoandikiwa na daktari, ganzi ikapungua, na kila upande ukadai ushindi wake. Simdharau yeyote kati yao, maana kwa ugonjwa unaojiondokea wenyewe kila tiba iliyotangulia nafuu huonekana kuwa imefanya kazi. Dawa inayozuia kweli, kwa upande wake, haina nafuu ya kuonyesha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima ni uchunguzi, na hapo kliniki hii inastahili alama za juu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema mtu ana MS. Madaktari hutumia vigezo vya McDonald, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ambavyo kiini chake kwa miaka mingi kimekuwa kuthibitisha kwamba uharibifu umetokea sehemu zaidi ya moja ya mfumo wa fahamu na katika nyakati zaidi ya moja, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza dalili hizo vizuri zaidi. Hospitali tuliyoanzia ilimpiga picha ya MRI ya ubongo peke yake, tena bila dawa ya kung'arisha. Hapa daktari bingwa aliagiza ubongo pamoja na uti wa mgongo wote, na dawa ya gadolinium mshipani, ambayo huyafanya madoa mapya yang'ae na ya zamani yabaki kama yalivyo, hivyo picha moja ikaonyesha matukio ya nyakati mbili. Alitoa pia majimaji ya uti wa mgongo ili kutafuta protini za kinga zinazotengenezwa ndani ya mfumo wa fahamu wenyewe. Mdogo wangu aliliogopa sindano hilo kuliko ugonjwa, na daktari alikaa naye mpaka akaelewa sababu yake. Kichwa kilimuuma siku mbili baadaye, kama walivyokuwa wamemweleza kabla.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni kile ambacho hatukuwahi kukisikia, cha kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya akwaporini 4, protini ya mwili inayopitisha maji kwenye seli. Kipimo hicho huutafuta ugonjwa mwingine unaoshambulia macho na uti wa mgongo, NMO (neuromayelitisi optika), ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa aina ya MS. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na Asia, NMO huchukua nafasi kubwa zaidi katika kundi hili la magonjwa kuliko ilivyo kwa Wazungu. Si suala la jina tu, kwa kuwa baadhi ya dawa zinazomsaidia mwenye MS, zikiwemo interferoni beta, fingolimodi na natalizumabu, zinaweza kumzidishia ugonjwa mwenye NMO. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi na majibu yakachelewa, na tuliona uchungu kungoja huku miguu ikiwa mizito. Hata hivyo daktari alikataa kuanza tiba ya muda mrefu kabla majibu hayajafika, na nikiulizwa leo ni kipi kilichonifanya niiamini kliniki hii, nitataja ukataaji huo.

Katika kungoja alipewa tiba ya shambulio lenyewe, ambayo ni steroidi (dawa ya kutuliza kinga iliyochachamaa) ya methilipredinisoloni, gramu moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Walitueleza bila kupamba kwamba steroidi huharakisha nafuu tu, haibadilishi mwendo wa ugonjwa wala haizuii shambulio lijalo. Alipewa kwa dripu na akalazwa. Nilitamani tungepewa nafasi ya kuchagua, kwa sababu utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kipimo kilekile kikimezwa kwa vidonge si duni kuliko cha mshipani, na gharama za kitanda kwa siku hizo hazikuwa ndogo.

Halafu yakaja mazungumzo ya dawa ya kuzuia. Miaka 40 iliyopita yasingekuwepo, maana interferoni beta, ya kwanza ya aina yake, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, nayo hupunguza idadi ya mashambulio kwa kama theluthi moja. Glatirama, sindano nyingine ya kujidunga, ikafuata mwaka 1996. Natalizumabu ya mwaka 2004 ilikuwa na nguvu zaidi, lakini ikaondolewa sokoni kwa muda baada ya kugundulika kwamba inaweza kukipa nafasi kirusi cha JC kuuharibu ubongo, na iliporudi ilirudi na masharti. Kidonge cha kwanza, fingolimodi, kikaja mwaka 2010. Mwaka 2017 ikaidhinishwa okrelizumabu, inayoziondoa seli B za kinga kwa dripu ya kila miezi sita, nayo ndiyo ya kwanza kukubaliwa hata kwa aina ya MS inayoendelea taratibu tangu mwanzo bila mashambulio. Tulipoonyeshwa bei yake, mimi na shemeji tulitazamana tukanyamaza.

Rituksimabu ni ndugu mkubwa wa okrelizumabu. Nayo huziondoa seli B kwa kuishika alama ileile iliyo juu yake, lakini ilianza kutumika mwaka 1997 kwa saratani ya tezi za limfu, hataza zake, yaani haki za kuitengeneza peke yake, zimekwisha, na viwanda kadhaa vinatengeneza nakala zake kwa bei ya chini sana. Tatizo ni kwamba MS haumo katika matumizi yaliyoandikwa kwenye pakiti yake. Daktari alitueleza hilo mwenyewe kabla hatujaliuliza, akatupa karatasi ya ridhaa inayolitaja, na akaeleza kwa nini bado anaiamini. Nchini Sweden rituksimabu imekuwa dawa ya kawaida ya MS kwa miaka mingi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2022 uliwagawa wagonjwa 200 kwa kura kati ya rituksimabu na dimethili fumarati, ambayo ni ya vidonge, na katika miaka miwili waliopata shambulio walikuwa asilimia 3 upande wa rituksimabu na asilimia 16 upande wa pili. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza dawa za MS kwa mara ya kwanza katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Kampuni yetu ya bima, iliyokuwa imekataa kulipia kwa hoja ya pakiti, ilikubali kulipia dawa baada ya daktari kuitaja orodha hiyo katika barua yake. MRI tunajilipia wenyewe.

Nilimuuliza daktari kwa nini seli B, ilhali vitabu vya zamani vililaumu seli T, aina nyingine ya seli za kinga. Jibu lake lilipitia Uganda, jambo ambalo sikulitarajia. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa huko, na katika chembe za uvimbe huo ndimo kirusi cha Epstein-Barr kilipogunduliwa mwaka 1964. Kirusi hicho hujificha ndani ya seli B kwa maisha yote. Mwaka 2022 watafiti waliopitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi hicho kulifuatiwa na ongezeko la hatari ya MS la mara 32. Karibu kila mtu mzima anacho, na kwetu wengi hukipata utotoni, kwa hiyo peke yake hakitoshi kuleta ugonjwa. Vinasaba, upungufu wa vitamini D na uvutaji wa sigara vinachangia pia. Mazungumzo hayo yalichukua dakika kumi ambazo hazikuwa kwenye ankara, na mgonjwa alitoka akiwa ameacha kujilaumu kwa kufanya kazi mno.

Kabla ya dripu ya kwanza walimpima homa ya ini aina ya B, kifua kikuu, VVU na kiwango cha kingamwili katika damu. Msomaji asikubali kuwekewa rituksimabu mahali ambapo vipimo hivi havifanywi, hasa cha homa ya ini, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kuamshwa na dawa hii na kuliharibu ini kiasi cha kuua. Chanjo nazo hutangulia, kwa kuwa baada ya seli B kuondolewa mwili huitikia chanjo kwa udhaifu, na chanjo za vijidudu hai haziruhusiwi kabisa. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai, na wengi wetu huisaka dakika za mwisho tunaposafiri kwenda nchi zinazodai kadi yake. Kliniki iliuliza kuhusu safari mapema, ikampeleka kuchanjwa, na dripu ikasogezwa mbele ili wiki zinazotakiwa zipite.

Siku ya dripu yenyewe huendeshwa kwa utulivu. Kwanza hupewa parasetamoli, dawa ya mzio na steroidi, kisha baada ya nusu saa dawa huanzishwa kwa mwendo mdogo sana na kuongezwa hatua kwa hatua, huku presha na joto vikipimwa kila mara. Mara ya kwanza koo lilimwasha na ngozi ikawa nyekundu shingoni. Muuguzi alisimamisha dripu papo hapo, akamwita daktari, na wakaendelea kwa nusu ya mwendo dalili zilipotulia, hivyo tulitoka jioni. Dawa huhifadhiwa na famasi ya hospitali katika nyuzi 2 hadi 8, wala mgonjwa haagizwi kuinunua mjini na kuibeba kwenye kikasha cha barafu, kama nilivyosikia ikifanyika kwingine. Bei iliyoandikwa kwenye makadirio ndiyo tuliyotozwa.

Kasoro zao ziko katika maisha ya katikati ya dripu mbili. Mgonjwa wa Mombasa anaishi na joto, na joto huwazidishia dalili kwa muda wengi wenye MS, kwa sababu neva iliyopoteza mayelini hupitisha taarifa vibaya zaidi mwili unapopata moto. Dalili za zamani hurudi, kisha huondoka mwili unapopoa, bila uharibifu wowote mpya. Hakuna aliyetuambia hilo. Februari, baada ya kusimama darasani adhuhuri, jicho lake lilififia tena. Tulipiga simu ya kliniki mwishoni mwa juma ikaita bila kupokelewa, tukaenda hospitali ya karibu, na nusura aanzishiwe steroidi upya. Kufikia jioni, baada ya kuoga maji ya baridi na kukaa mbele ya feni, jicho lilikuwa limerudi. Jumatatu daktari alitueleza kwa dakika mbili kwamba shambulio la kweli hudumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi ya kulieleza, na kwamba maambukizi ya mkojo nayo yanaweza kuigiza shambulio. Maelezo hayo yangetosha kwenye kipande cha karatasi siku ya kwanza.

Kibofu nacho hawakukiuliza. Mwanamke wa Pwani aliyelelewa kwa staha hawezi kumwambia daktari mwanamume mbele ya kaka yake kwamba haja ndogo humponyoka, na mdogo wangu hakusema mpaka muuguzi alipomwita faragha. Lilikuwa jambo lenye dawa na mazoezi yake, naye alikuwa amelibeba kwa karibu mwaka. Hospitali ina idara ya tiba ya viungo ghorofa moja chini, lakini rufaa tuliiomba sisi, ingawa kwa miguu iliyokwisha kudhoofika mazoezi ndiyo yanayoweza kurudisha kile ambacho rituksimabu haikusudii kukirudisha. Kuhusu uzazi, kwa upande mwingine, walizungumza naye na mumewe kwa kina: kwamba MS hauzuii mimba, kwamba mashambulio hupungua wakati wa ujauzito, hasa miezi ya mwisho, na huongezeka katika miezi mitatu baada ya kujifungua, na kwamba dripu hupangwa kulingana na azma hiyo.

Ufuatiliaji wao ni wa MRI, ya kwanza kama miezi sita baada ya kuanza dawa ili ipatikane picha ya kulinganishia, kisha kila mwaka, pamoja na damu ya kuangalia kingamwili kabla ya kila dripu, kwani dawa hii ikitumika kwa miaka huweza kuzishusha na kuleta maambukizi ya mara kwa mara. Picha ya mwisho ilionyesha madoa yote ya zamani mahali pake na hakuna jipya. Daktari aliigeuza skrini tuone wenyewe, akatuhesabia. Miguu ya mdogo wangu ingali mizito anapopanda ngazi, na shangazi bado anauliza kwa nini tunasafiri mpaka Nairobi kwa dawa isiyomponya. Safari hii nimempigia picha ya majibu hayo nikamtumia kwa simu.

Anayekusudia kwenda kliniki ya aina hii apeleke CD za MRI zake zote, si ripoti za karatasi peke yake, kwa sababu daktari atataka kulinganisha picha kwa picha. Aulize mapema kama kipimo cha akwaporini 4 kimo katika makadirio, maana kwetu hakikuwemo na tulikilipia kando. Na kama bima inahusika, barua ya daktari iombwe siku hiyohiyo ya kliniki, kwa kuwa kuifuatilia kwa simu kutoka Pwani kulituchukua muda mrefu kuliko bima yenyewe ilivyochukua kuijibu.